Mwalimu Aliyeamia Mpunga

Nilikuwa nimeloweka miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, hapa nyumbani kwangu Garsen, simu ilipolia ikaniletea habari kwamba Mwalimu Mwakio amefariki. Sikulia. Niliyatazama yale maji nikawaza, kama mjinga, kwamba yatapoa kabla sijayafaidi. Kisha nikakumbuka kwamba hata wazo hilo ni lake: joto halikai mahali pamoja, hutoka penye wingi likaenda penye uchache, na wewe umekaa tu unalitazama likienda. Aliyenipigia alikuwa binti yake, Wakesho, ambaye sikuwa nimemwona maishani. Alisema amelikuta jina langu katika simu ya baba yake, na kwamba mazishi yatakuwa kwao, Taita, mwisho wa juma. Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu ndipo nikajiuliza nitafikaje, kwa magoti haya, na mwili huu ambao siku hizi hata kuinuka kitini ni jambo la kupangiwa.

Watu hupenda kusema kwamba nishati haipotei. Husemwa sana misibani, na wengi wanaosema hivyo waliikimbia fizikia mapema. Mimi nimeifundisha kanuni hiyo katika shule za msingi za kando ya mto huu wa Tana mpaka vumbi la chaki likanikaa kifuani, nami nasema hivi: haipotei, ni kweli, lakini hakuna mahali ilipoandikwa kwamba itakurudia wewe. Nguvu za ujana wangu hazikupotea. Ziko kwenye barabara ya udongo kati ya Wema na Garsen, na kwenye hewa ya madarasa ambayo ilipata joto kidogo kila nilipompigia kelele mtoto asiyesikia. Ni nani atakayezunguka na kikapu kunikusanyia? Nimechoka, na sioni haya kusema nimechoka. Nilipokuwa nikifunga mzigo wa safari nilichukua mchele wa Wema, nikautia kwenye gunia dogo, na kila nilipoliinua lile gunia nilimsikia akiuliza kwa ile sauti yake iliyokwaruza, ghala lipi limepungua, mwanangu, na lipi limeongezeka?

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliokuwa kidato cha nne. Niliishi Wema kwa shangazi yangu Maria. Kwa nini niliishi kwake na si kwetu ni hadithi ndefu, nami sina nguvu ya kuianza. Shule yetu ilikuwa umbali wa kutembea, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na chumba cha fizikia kilikuwa ghala la mradi wa zamani uliokufa kabla hatujazaliwa. Kuta zake zilikuwa za mabati, sakafu ya saruji iliyopasuka, na harufu yake ilikuwa ya magunia na popo. Jua la saa sita likipiga, tulikuwa tukipikwa humo kama mikate. Kulikuwa na kabati lenye springi zilizolegea, vigari vya mbao vya kugonganisha, na kipimajoto ambacho mwalimu alikibeba mfukoni kama kalamu kwa kuogopa kitavunjwa. Mwalimu Mwakio alikuwa bado kijana, mrefu, mwembamba, ametoka kwenye milima ya Taita akaletwa kwetu kwenye tambarare, na watu wa sokoni walisema hatamaliza muhula. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na sheria ya shule ilikuwa Kiingereza kitupu, lakini akiona macho yetu yameganda alikuwa akienda kufunga ule mlango wa bati, anageuka na kusema, "Haya. Sasa tuongee kama watu."

Siku ya kwanza aliyotuongelesha kama watu alituuliza tumo ndani ya nini. Tukajibu, ghala, mwalimu. "Basi dunia nzima ni maghala," akasema. "Chakula ni ghala. Mpira uliovutwa ni ghala. Kitu kinachokimbia ni ghala, kitu cha moto ni ghala, na kitu kilichoinuliwa juu ni ghala. Nishati haifanyi kingine ila kuhamishwa, humu inatolewa, kule inatiwa. Kazi yenu ni kuniambia tu ghala lipi limepungua, lipi limeongezeka, na mzigo umepita njia gani." Tuliielewa mara moja, sisi watoto wa mpunga, na tukadhani fizikia imekwisha. Kisha akatutega. Akasema ana gunia moja sakafuni, na jingine kama hilo ameliinua akaliweka juu ya kichanja. Lipi lina nishati zaidi, na kwa nini? Komora, aliyekuwa mwerevu wetu, akasimama. "La juu, mwalimu. Kwa sababu la chini litaloa mto ukifurika." Darasa zima tukaitikia kwamba ndivyo. Mwalimu alitutazama akidhani tunamdhihaki. Akamgeukia Godana, mtoto wa wafugaji wa Kiorma, akamuuliza yeye anaonaje. Godana akafikiri sana. "Mimi naona Komora nasema kweli. Ile ya chini itaoza. Hata ng'ombe hataki."

Mwalimu alikaa juu ya ndoo akafunika uso kwa mikono, na mabega yakawa yanatikisika. Tulidhani analia. "Nimeletwa nchi ambayo kitu hakianguki," akasema alipopata pumzi. "Kinazama tu." Tulicheka naye bila kuelewa tumekosea nini, maana kwetu, hadi leo, kitu huwekwa juu kwa sababu moja tu. Kesho yake akatupeleka kwenye ukingo wa mto, pale wakulima wanapotoboa kingo kuingiza maji mashambani, akatuonyesha jambo tulilolitazama tangu utotoni bila kuliona: mto wetu umelala juu kuliko mashamba. "Huu ndio mlima wenu," akasema. "Mfupi, lakini ni mlima." Maji yalikuwa yakiporomoka kwenye mfereji yakipiga kelele, naye akatuuliza kimo cha maji kinapopungua ni nini kinachoongezeka. Tukajibu kwa pamoja, mwendo! Alifurahi kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani.

Na pale pale ukingoni akatueleza habari za mwangwi. Alisema kwao, ukisimama nyuma ya nyumba ya mama yake ukaita mtu, mlima wa mbele unakujibu. Hadija, mwenzetu darasani, akamuuliza unajibu nini. "Jina lile lile uliloliita." Hadija akasogea nyuma. "Basi huyo ni shetani, mwalimu." Alitaka kutuonyesha, masikini, akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele mkubwa kuelekea ng'ambo. Tulingoja. Kwetu hakuna mlima, hakuna ukuta, kuna nyasi na mbingu. Sauti yake ilikwenda ikaishia huko. "Imefika Kipini, kwenye mdomo wa mto," akasema hatimaye, akikung'uta suruali. "Nimeikatia nauli ya kwenda tu." Nakumbuka hakuwa anacheka aliposema hivyo. Sasa nikiwa na umri wangu huu ndipo ninapojua kwamba alikuwa kijana mpweke, amesimama kwenye nchi isiyomrudishia hata sauti yake mwenyewe.

Alipata mazoea ya kupitia kwa shangazi jioni, kwa sababu njia ya kwenda kwenye chumba alichopanga ilipita hapo, na kwa sababu shangazi alikuwa hawezi kumwona mtu mwembamba akapita. Jiko letu lilikuwa la fito na udongo, limeegemezwa kwenye nyumba, na mimi nilisomea upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo nilisikia kila neno. Shangazi alipika wali wa nazi na kambare, siku nyingine pojo, na asubuhi chai ya maziwa tuliyonunua kwa wanawake wa Kiorma waliopita na madumu yao kichwani. Mwalimu alikula polepole, akitoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani, na shangazi alikuwa akimtania. "Kwenu mnakula nini huko juu, mawe?" "Mawe tunayapanda, shangazi, ndiyo maana tunaota wembamba." Alimwita shangazi kwa kunifuata mimi. Mara moja nilimsikia akimwambia kwamba Rehema, yaani mimi, anaweza kuwa mwalimu, ila fizikia ndiyo itakayomfungulia mlango au kumfungia, maana masomo mengine anayapita kwa kuchechemea. Shangazi akamwongezea wali.

Mwaka huo mto ulichelewa kufurika. Kila kitu kilichofuata kilitokana na hilo. Maji yalichelewa kuingia mashambani, mpunga ukachelewa kupandwa, na punje zikaanza kujaa maziwa wakati ambao kwa kawaida tungekuwa tumekwisha vuna, yaani katikati ya mtihani wetu wa mwisho. Asiyelima mpunga hajui maana yake. Punje ikiwa ya maziwa, kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, hushuka kwa makundi kama moshi, na shamba la mtu linaweza kuwa mapumba matupu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana tunaamia: tunajenga dungu, kile kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba, na mwamiaji anakaa juu yake tangu alfajiri mpaka machweo na kombeo na rundo la madongo yaliyokaushwa, anarusha na kupiga kelele. Na kuna desturi ambayo haihitaji kufundishwa mtoto wa Wema. Shamba halikai bila mtu hata asubuhi moja, kwa sababu ndege wakipata mahali pa kutua wakashiba, watarudi na jamaa zao na kumaliza mashamba yote ya jirani. Ukiacha dungu lako tupu umewafungulia ndege mlango wa kijiji. Wala huwezi kumwomba jirani akuamie, kwa kuwa jirani naye yuko juu ya dungu lake.

Wiki zote za kwanza za mtihani shangazi aliamia mwenyewe, nami nikafanya karatasi zangu moja baada ya nyingine. Zilipobaki karatasi mbili za fizikia tu, shangazi akajikata mguu kwa jembe akiondoa magugu kwenye mfereji. Kidonda kilikuwa kibaya, mguu ukavimba, akapelekwa Ngao hospitalini, wakamshona na kumrudisha na onyo kwamba asiukanyagie. Kupanda dungu hangeweza. Aliniita chumbani kwake, chumba chenye kitanda cha kamba na sanduku la bati na picha ya harusi ya mtu ambaye sikuwahi kuuliza ni nani, akanikazia macho. Sikumchukia kwa alichosema, na simchukii leo. "Mwanangu, mtihani uko kila mwaka. Mpunga hauko kila mwaka." Nikamwambia nimesikia, shangazi. Nikachukua kombeo ukutani nikaenda kuketi nyuma ya jiko, na nilihisi kitu kimenilala kifuani kizito kuliko gunia. Nilijua alikuwa na haki. Tungekula nini? Na nilijua pia kwamba hakuna mtu kwetu aliyekuwa na uwezo wa kunirudisha shule kwa mwaka mwingine. Mlango aliousema mwalimu ulikuwa unafungwa, nami ndiye niliyekuwa nikiusukuma kwa mkono wangu.

Mwalimu Mwakio alifika jua likielekea kuzama, kwa kuwa hakuniona kwenye marudio. Alikuwa na kikohozi tangu wiki iliyotangulia, kwa vumbi la kwetu. Nilisikia shangazi akimweleza habari ya mguu na mpunga, na nikasikia kijiko cha mwalimu kikisimama sahanini.

"Kesho mimi siruhusiwi kuonekana shuleni," akasema. "Sheria ya mtihani. Siku ya karatasi ya somo lako, wewe mwalimu unafukuzwa kama mwizi. Kwa hiyo kesho nina mikono miwili haina kazi."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema niazime dungu lako, shangazi."

Shangazi alicheka mpaka akaukumbuka mguu. "Mtu wa mlimani, unajua kombeo?"

"Najua linavyofanya kazi."

"Ndege hawaogopi hayo. Na kifua hicho? Kuamia ni sauti, mwalimu. Mkono ni wa kusaidia tu."

"Nitapiga kelele."

Nilikuwa nimelibana sikio ukutani, udongo ukiniingia nyweleni. "Wakinilia mpunga," shangazi akasema, na sasa hakuwa akitania, "si mimi tu, ni jirani zangu wote. Nitawaambia nini? Kwamba nilimweka mgeni?"

"Utawaambia ulimweka mwalimu, akashindwa. Lawama nitabeba mimi."

Sikumsikia shangazi akikubali. Nilimsikia akisema, "Kula basi, umalize, mtu haamii na njaa." Ndivyo alivyokubali.

Alfajiri nilimpeleka shambani, nikamwonyesha ngazi ya dungu na jinsi ya kutia dongo katika kombeo. Dongo lake la kwanza lilimtoka nyuma, likakikosa kidogo tu chungu cha Mama Buya, jirani yetu, aliyekuwa juu ya dungu lake akichemsha chai. Mama Buya alimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Nikaondoka mbio kwenda kwenye mtihani huku nikisikia nyuma yangu akianza, haaa, haaa, kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku jikoni. Nilitaka kurudi. Nakiri hata leo sijui miguu yangu ilinifikishaje shuleni.

Chumba cha mtihani kilikuwa darasa la mwisho, madirisha yake yametazama mashambani, na kwa sababu ya joto yalikuwa wazi. Tulipewa karatasi tukaanza. Kutoka mbali zilikuja kelele za waamiaji tulizozizoea, zikipanda na kushuka, na katikati yake moja iliyokwaruza na kukatika kwa kikohozi. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Kulikuwa na swali la mpira unaoviringika kutoka mlimani, nami nikafikiria ukingo wa mto. Kisha zile haaa zikakoma. Nikainua kichwa. Nilidhani ameanguka, au amekata tamaa, na nikawaona akilini kwelea wakishuka kwenye mpunga wa shangazi na mimi nimekaa hapa na kalamu. Halafu sauti ile ikarudi, na safari hii ilikuwa ikiita.

"Abarufaaa!"

Abarufa alikuwa dawati la mbele. Shingo yake ikakakamaa.

"Buyaaa! Dhadhooo! Godanaaa!"

Alikuwa akiita orodha ya darasa lake, kwa mpangilio ule ule wa kila asubuhi kule ghalani. Mama Buya alinieleza baadaye kwamba mwalimu alikuwa ameishiwa na kelele, akamuuliza kutoka dungu hadi dungu apige kelele gani, naye akamjibu, "Yoyote, mwalimu! Ndege hawajui Kiswahili!" Akatafuta kitu alichokijua kwa moyo akakipata hicho. Msimamizi wa mtihani, mgeni aliyetoka mbali, alikunja uso akamuuliza askari wa mlangoni ni nani anayepiga kelele. "Waamiaji, bwana," askari akasema. "Wanafukuza ndege." Sote tulikuwa tumeinamia karatasi, hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Hadija. Jilo. Komora. Kila jina lilipopita nilimwona mwenyewe akigutuka kidogo, kama mtu aliyeguswa begani. Kisha likaja langu. "Rehemaaa!" Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Kila asubuhi ya mwaka ule nilikuwa nimeitikia, nipo mwalimu, na ulimi haukujua kwamba leo ni mtihani. Niliuma mdomo nikainamia karatasi, na maandishi yakatota kwa machozi yangu. Alipomaliza orodha alianza upya. Aliiita asubuhi nzima.

Nilipotoka nilikimbia moja kwa moja shambani. Ndege walikuwa wamekula pembe moja, ile iliyo karibu na matete, na shamba lote lilikuwa limesimama. Mwalimu alikuwa amelala chali juu ya dungu, mkono wa kulia umening'inia kama si wake. Nilimwuliza yu salama. Akafungua mdomo, hewa ikatoka tupu. Akatabasamu, akanionyesha kwa kidole mkono wake, kisha akaonyesha anga lililokuwa wazi, kisha mpunga. Niliielewa ishara ile, lilikuwa lile somo la maghala. Karatasi ya pili ilikuwa baada ya siku chache, na nilimsihi asiende, na shangazi akamsihi, akisema yeye atapanda kwa magoti. Alikwenda. Safari hii sikumsikia nikiwa mtihanini isipokuwa kama kitu kinachokwaruzwa kwenye bati, mbali sana. Tulivuna. Mwalimu alikula wali mpya jikoni kwetu akiwa bubu, akizungumza na shangazi kwa mikono, na shangazi akawa anampakulia bila kumtania hata neno moja. Mwaka uliofuata alihamishwa. Sauti ilirudi, lakini iliyorudi haikuwa ile iliyokwenda. Miaka yote aliponipigia simu ilikuwa ni ule mkwaruzo, na sikuwahi kumwuliza kwa sababu nilijua.

Nilifika kwao Taita nikiwa nimevunjika mgongo kwa safari, gunia langu la mchele nimebebewa na wasamaria. Sikuwa nimepanda mlima wa namna ile maishani mwangu. Kila kona magoti yalinikumbusha kwamba kimo hakipatikani bure. Wanawake waliupokea mchele wakaupika na kuwapakulia vijana wanaochimba kaburi, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikawatazama wakila, halafu nikawatazama wakishika makoleo. Mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba nishati haipotei. Niliacha hilo lipite, sikuwa na nguvu ya kugombana.

Baada ya kuzika, Wakesho alinichukua nyuma ya nyumba ya nyanya yake nipumzike, mahali penye ubao wa kukalia na bonde kubwa mbele, na ng'ambo ya bonde mlima wenye miamba. Ana macho ya baba yake. "Mama," akaniambia, "baba alituambia sauti yake aliiacha Tana kwa ajili ya mpunga. Sisi tulidhani ni mzaha wa wazee." Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, ila kwa maneno machache. Alisikiliza bila kunikatiza. "Na ulipata ngapi kwenye hiyo fizikia?"

Nilijua ataniuliza. "Nilipata C," nikasema. "Sauti nzima ya mtu, mwanangu, kwa C." Ilinipeleka chuo cha ualimu, ndiyo, kwa kuchechemea, na ikanipa kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka. Lakini nilipolisema hilo mbele ya binti yake, kaburi bado bichi, niliona uchungu na haya pamoja. Je, biashara hiyo ilikuwa sawa? Ghala lake lilipungua. Langu liliongezeka kiasi hicho tu. Wakesho alitazama ng'ambo ya bonde. Kisha akauliza, "Alikuwa akiitaje?"

Sikutaka. Koo langu nalo ni la mwalimu mstaafu, limekwisha. Lakini alikuwa ameniangalia kwa macho yale. Nikasimama, nikashika ukuta, nikaita kuelekea bondeni, Abarufaaa. Na mlima ukajibu. Nilishtuka nikashika kifua. Nimewahi kusikia sauti ikirudi kwenye kumbi na makanisa, lakini mlima mzima kufungua kinywa, sijawahi. Nikaita Buya. Nikaita Dhadho, na Godana, aliyekwisha kufa, na Hadija aliyedhani ni shetani, na Jilo, na Komora. Kila jina lilikwenda likagonga mwamba likarudi, limepungua njiani, limechakaa, lina mkwaruzo. Lilipofika langu niliushika ukuta kwa mikono miwili. Kisha nikaita, Rehemaaa, nikangoja. Likaja kutoka kule ng'ambo, hafifu, mtu mwingine akiniita.

"Nipo, mwalimu," nikasema.